Kuponi Zilizolala Kwenye Foronya

Mume wangu ni fundi cherehani, na mgongo ulianza kumsumbua mwaka ule ule tulipoanza kutumia kuponi za mtaa. Alikuwa akishonea kwenye stuli isiyo na egemeo. Jioni akisimama, anashika kiuno kwanza, anangoja, ndipo ananyooka. Nikasema moyoni, huyu nitamnunulia kiti cha maana, na hatajua mpaka akikalie.

Kuponi zenyewe zilikuwa hivi. Mtaani kazi tulikuwa nazo mikononi, pesa hakuna. Seremala ana mbao, hana wa kumnunulia meza. Muuza maharage ana magunia, sisi tunayapita kama hatuyaoni. Basi watu ishirini tukaunda kikundi, tukachapisha karatasi zetu zenye muhuri, kila mmoja akapewa za mia nne. Mume wangu akimshonea mtu, analipwa kuponi. Zinakwenda kwa muuza maharage, naye anazipeleka kwa seremala. Nje ya mtaa hazinunui hata kiberiti. Mama mwenye duka, katibu wetu, alituambia siku ya kwanza, "Jamani, hizi si za kufuga. Ni za kuzungusha."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini mimi tangu niolewe najua pesa ni kitu cha kuficha.

Kila jioni mume wangu akinikabidhi kuponi za siku, nazitia ndani ya foronya, upande wangu wa kitanda. Unga na mafuta nanunua kwa pesa za kawaida, za mayai ya kuku wangu. Seremala alikuwa ametaja bei ya kiti: elfu tatu na mia tano. Nikajipa miezi saba.

Mwezi wa tano wateja wakapungua. Wa sita, siku tatu zinapita hajaja mtu hata na kifungo. Mume wangu anakaa mbele ya cherehani, anaifuta vumbi ambalo halipo.

Jioni moja akaniuliza, "Mke wangu, niambie kweli. Mishono yangu imepinda siku hizi?"

"Imepinda wapi? Wewe?"

"Mkono unatetemeka. Watu wanaona haya kuniambia, basi wanaacha kuja." Akaifunika cherehani. "Nimepata mtu wa kuinunua hii mashine. Anakuja Jumamosi."

Nilikuwa nachambua mchele, nikaacha. Nguo yangu ya harusi aliishona kwa cherehani hiyo.

Kesho yake nikaenda dukani kuwabembeleza watu. Mama mwenye duka alikuwa ameinamia daftari, seremala ameegemea kaunta.

"Wanangu, mbona hamleti nguo tena? Mzee wangu amewakosea nini?"

"Atukosee nini, bibi!" mama mwenye duka akasema. "Gauni langu lina mwezi limechanika kwapani. Nimlipe nini? Tulichapisha za elfu nane, nimepita nyumba kwa nyumba sioni kuponi za maana. Kuna mahali zimelala."

"Mimi hata mbwa hajaniagiza kibanda," seremala akasema.

"Na huyo aliyezilaza atakuwa anadhani zitazaa," mama mwenye duka akaongeza.

Nilitaka niondoke polepole, niwe nazitoa mbili mbili, asijue mtu. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Zimelala kwangu," nikasema.

Seremala akashika kichwa. "Bibi! Kumbe tuna benki hapa na hatujui!"

"Nilikuwa nakusanya za kwako wewe. Za kiti cha babu yako."

"Si ungenipa hata mia mia? Ningeshaanza miguu. Mia zenyewe ningeshazila maharage, na mwenye maharage angeshampelekea babu sare za mtoto."

Nikaona yote kwa mara moja. Kumbe mimi ndiye niliyemfungia mume wangu mlango, kwa kumpenda.

Mama mwenye duka hakucheka. Alinishika mkono. "Kalete, bibi. Leo leo."

Zilifika elfu mbili na mia tisa. Seremala akazichukua zote, zilizobaki nitamalizia kiti kikiisha. Pale pale akanunua unga na sukari, akatoka kwenda kwa muuza maharage.

Jumamosi asubuhi muuza maharage ndiye aliyegonga wa kwanza, na sare mbili begani. Nyuma yake mama mwenye duka na gauni lake, kisha mke wa seremala na mapazia. Mwenye kununua mashine alipokuja na mkokoteni, mume wangu alikuwa na pini mdomoni. Hakuweza hata kumjibu salamu. Alitikisa kichwa tu, hapana, akaendelea kupima.

Walipoondoka wote, nikamweleza. Kila kitu, na foronya.

Akautazama mkono wake. "Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Mkono unatetemeka kidogo, sikufichi. Mishono imenyooka."

"Miezi miwili nimekuwa nikiiaga hii mashine," akasema.

"Nisamehe, baba."

Akakusanya kuponi za siku ile, akaniwekea kiganjani, lakini mkono wangu hakuuachia. "Leo nazisindikiza mwenyewe," akasema. "Wewe sikuamini."

Tukatoka hivyo hivyo, tumeshikana mikono mchana kweupe, tukanunua maharage mengi kuliko wazee wawili wanavyoweza kula.