Jiwe la Kesho

Jumanne saa mbili asubuhi Kulthumu alipiga jiwe lake la sita na jiwe likakataa. Alikuwa ufuoni mwa ziwa, kwenye njia ya kwenda Lweba, pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja ambao kazi yao ni kuponda mawe yawe kokoto za kujengea nyumba za watu wengine. Jiwe lenyewe lilikuwa pana kama gurudumu la lori. Akalimwagia maji, akaligonga taratibu, akatega sikio, maana wapondaji wa huko husikiliza kwanza ndipo wapige. Jiwe lenye ufa hutoa sauti butu. Hili lililia vizuri, na sauti ikabaki ndani ikizunguka kwa muda, ikitafuta mlango.

"Hii haiko ya kuponda," alimwambia Anastasie, jirani yake kazini na jirani yake kwenye mahema.

"Sasa utaifanya nini?"

"Nitaifungua."

Wanawake wanane walilibeba hadi mlimani. Waliishi huko kwenye mahema kwa sababu miaka minne iliyopita ziwa lilipanda katika mji wa Baraka likameza kartie yao, mtaa mzima. Nyumba ya Kulthumu, ya matofali ya kuchoma na mlango wa buluu alioupaka mwenyewe, ilikuwa chini ya maji, hatua sitini na moja kutoka ukingoni. Viwanja vipya vilikuwa vinagawiwa, lakini shefu wa kartie, Bwana Déogratias, alitaka ushahidi. Mwenye kutaka kiwanja aonyeshe kwanza nyumba aliyokuwa nayo. Kulthumu alinyoosha kidole ziwani. Shefu alisema yeye anaona maji tu, na kwa hilo hakudanganya. Orodha ingefungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata.

Mwalimu Patrice, anayefundisha biolojia, alikuja na kitabu chake akalinganisha picha na mistari iliyopinda ukingoni mwa jiwe.

"Iko amoniti," alisema. "Mnyama ya bahari mwenye gamba ya kuzunguka kama konokono, ya zamani sana. Ilikufa, ikageuka jiwe." Akakuna kichwa. "Lakini kitu ya bahari inafanya nini huku kwa ziwa?"

"Na siye tunafanya nini mu hema?" akajibu Anastasie.

Mwalimu aliona hoja hiyo inatosha. Alimwonyesha Kulthumu namna ya kuanzia ukingo wa nje na kuzunguka kuelekea katikati, akampa mswaki wake wa zamani na kichupa cha gundi.

Kwa miaka kumi na tisa mikono ya Kulthumu ilikuwa imejua kuvunja tu. Sasa ilibidi ijifunze kutovunja, na mikono mikubwa kama ile haipendi kurudishwa shule. Alilaza tindo, akagonga kidogo, na ganda likabanduka kama ukoko wa bukari, ugali wa huko. Jioni ubavu wa kwanza ulitokeza, mweusi, umepinda vizuri. Jioni hiyo hiyo ziwa lilirudi nyuma hatua moja.

Ubavu wa pili, hatua ya pili. Wavuvi walinung'unika kwamba sasa wanaburuta mitumbwi mbali, kisha wakazoea. Ubavu wa kumi na mbili uliwarudishia watu bomba la maji. Ubavu wa thelathini ulirudisha saluni ya Ketsia, kioo kikiwa bado ukutani. Ketsia alifika, akajitazama, akaona amezeeka kidogo, akachukua ufagio.

Ilipobaki wiki mbili Kulthumu akaingiwa na haraka. Kwenye ubavu wa arobaini na nne alipiga bila kusikiliza. Ubavu ukakatika vipande viwili, na ziwa likapanda hatua kumi na tano, likaingia tena kwa Ketsia, ambaye alitoka na viti kichwani. Kulthumu alilia kwa aibu. Kisha akajifuta, akapaka gundi, akashika vipande kwa vidole vyake viwili kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, Anastasie akimlisha mihogo mdomoni. Gundi ilipokauka maji yakarudi yalikotoka. Tangu hapo hakupiga hata mara moja kabla ya kutega sikio.

Ijumaa yenyewe, saa nne, ubavu wa sitini na moja ulikuwa safi, na mlango wa buluu ukasimama juani ukichuruzika. Katikati ya jiwe kilibaki kipande cha ganda, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kulthumu alikiacha. Kila jioni wapondaji huacha jiwe moja zima, ili kesho wawe na pa kuanzia, nalo huitwa jiwe la kesho.

Vigelegele vilifika barabarani. Alifungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo aliotembea nao miaka minne, na kufuli likafunguka. Juu ya kitanda kulikuwa na samaki wawili. Anastasie aliwatoa akaenda kuwakaanga.

Shefu Déogratias aliitwa, akaja na orodha na muhuri. Alipiga hodi, akaingia, akagusa kuta.

"Nyumba iko," alisema. "Tena iko ya nguvu."

"Sasa umeona, Shefu. Nipe kiwanja yangu."

"Mama, viwanja viko vya basinistre, batu benye maji ilibeba nyumba yabo. Muntu mwenye iko na nyumba haiko sinistre."

Akalikata jina lake kwa rula, ili mstari unyooke. Akaenda nyumba hadi nyumba akiwapongeza wenyewe na kuyakata majina yao. Huko mlimani mashemeji wa Shefu walikuwa wamekwisha kumwaga misingi kwenye viwanja hivyo, kwa kokoto za akina Kulthumu.

Kulthumu alikasirika mpaka meno yakamuuma. Hata hivyo furaha ilikuwa kubwa kuliko hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Wanawake wakaliviringisha jiwe kutoka mlimani hadi kizingitini kwake, ziwa likatulia mbele yake, na usiku huo kila nyumba ya kartie ilipika.

"Na hii kipande ya katikati, haumalizi?" aliuliza Shefu akiondoka.

"Hiyo iko ya kesho, Shefu."

Jumatatu wanawake kumi na wawili walirudi ufuoni kuponda kokoto, kwa kuwa nyumba za mlimani zilikuwa zimefika kwenye lenta za juu ya madirisha. Jioni Kulthumu alitembea mpaka kwake, akalipiga jiwe mswaki, akafungua mlango kwa ufunguo.