Chai Nyeusi ya Bi Mastura

Uliona, ukageuza uso. Usiniambie hukuona, baraza yako inatazamana na meza ya Bi Mastura hapa Chumbageni, na kila asubuhi wewe ndiye mnunuzi wake wa kwanza. Chai yake ilipoacha wekundu ikawa nyeusi, juu imetanda utando, ulimwaga kikombe mchangani ukaenda zako kimya. Ukawaachia wengine maneno.

Wakasema. Sadalla fundi cherahani akadai mwanamke katia kitu.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Ningekijua ningekunywa?"

"Mbona umekunywa viwili?"

"Cha kwanza cha kiu. Cha pili cha uchunguzi."

Watu wakacheka, lakini hawakununua. Ikakatwa shauri Ijumaa isomwe halbadiri, ubaya umrudie aliyeutia. Bi Mastura mjane, ile meza ndiyo riziki yake. Akaniambia, "Wasome, mwanangu. Ila nikiumwa kichwa tu, watasema imenipata. Nani atakunywa chai yangu tena?"

Mimi sisahau. Mwezi uleule chai ilipogeuka, wenye mji walifunga bomba letu, ati linatengenezwa, tukarudia kisima cha mawe nyuma ya msikiti. Raskazone kwa wakubwa bomba halikukauka, maua yananyweshwa. Huku kwetu sabuni inaisha mkononi bila povu. Mbona sabuni hamkuisomea?

Ijumaa tukakusanyika kwa Mzee Mwinyijuma, mkuu wa wasomaji. Wasomaji hawaanzi na koo kavu, basi ikaletwa chai. Majani ya mzee, birika la mzee, na aliyepika ni mkewe, Bi Mwanamkasi. Ikamiminwa kwenye bilauri: nyeusi, na utando juu. Hakuna aliyenyanyua yake. Sadalla akamtazama mzee, mzee akamtazama mkewe.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Maji umeteka wapi?"

"Marahaba. Wapi tena kama si kisimani? Na mnanikodolea nini? Au na mimi mnisomee?"

Nikamwomba apike tena kwa maji ya mvua aliyoyakinga mtungini. Akasugua birika, akatia majani yaleyale. Ikatoka nyekundu, unaona mpaka chini ya bilauri. Nikaonja: ile ladha ya chokaa ya maji ya kisima haipo. Mawe ya kisima ndiyo yaliyoila chai yetu.

Unajua mzee alisema nini? Kwamba halbadiri iahirishwe. Iahirishwe, si ifutwe! Hapo ndipo ninaposhuku. Tukimsaka mchawi mezani kwa mjane, nani atauliza aliyefunga bomba? Na wewe ulikuwemo, ulikunywa ile nyekundu, ukafuta mdomo, ukarudi kwako. Hukumwambia mtu.

Sasa Bi Mastura amefunga mzigo, anangoja gari la Pangani aende kwa shangazi yake Ushongo, na jina bovu mgongoni. Wewe bado umekaa unasoma. Inuka. Nenda stendi, mbele ya watu wote umwambie mlimsingizia, umbebee mzigo wake umrudishe. Kisha shika ndoo tupu twende kwa mwenye ufunguo wa bomba. Sasa hivi, kabla gari halijaondoka.