Mpangilio wa Marehemu Oduor

Umeme ulipotea Jumatatu asubuhi, na uliporudi, kompyuta pepe ya kampuni ya maji ilikataa kuwaka. Hiyo ni kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, na ndiyo iliyofungua na kufunga mabomba ya mji kwa saa. Ilipozimika, mabomba yote yalibaki wazi. Kule mtaa wa Obunga maji yakatoka mchana kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Mama Nabwire akafua hadi mapazia.

Fundi aliyeitwa ni bintiye, Nangila, kibarua wa miezi mitatu. Meneja Shitanda alimwambia aifufue bila kupoteza mpangilio hata mmoja, ndipo aandikwe kazi ya kudumu.

Nangila aliunda mashine mpya, akaiunganisha na diski ya ile ya zamani. Kila kitu kilikuwa salama, ila kilidai nywila ya Oduor, fundi wa zamani aliyezikwa Sondu miaka miwili iliyopita. Matangani watu walihutubia siku nzima, na kampuni ilileta hema na shada. Hakuna aliyekuwa amemwuliza nywila kabla hajafa. Shitanda akampigia simu mjane, Seline, naye akasema atamfikishia mumewe ujumbe.

Saa nane Oduor aliingia amevaa suti yake ya maziko, viatu vina udongo. Mlinzi alimwandikisha kitabuni. Alipewa chai, akaandika nywila, mashine ikaamka. Nangila akaona mstari mmoja: Obunga, funga saa kumi na moja alfajiri, fungua saa nne usiku.

“Hii ni ya nini, Mzee?”

“Ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Watu wa mitaa ya juu mlimani walilalamika presha ya maji iko chini. Nilingoja niambiwe nitoe. Hakuna mtu aliniambia.”

Nangila akaomba waufute. Oduor alikubali, lakini sahihi ya marehemu haipiti. Shitanda aliusoma mstari mara mbili, akasema ameagiza kufufua, si kupanga upya. Nangila aliona aibu, na akabonyeza, mstari ukarudi kazini. Kazi aliitaka.

Jioni Oduor aliomba kupelekwa Obunga, kwa kuwa aliijua kama mstari tu. Walimkuta Mama Nabwire kwenye foleni ya kisima.

“Mashine imepona?”

“Imepona, Mama.”

Mama Nabwire alimshukuru Mungu. Kisha akampa Oduor mtungi mmoja, akamwonyesha mwisho wa foleni.