Zege la Povu Chumbani kwa Mama

Ndoo ya lita kumi ikijaa zege ilitakiwa iwe na kilo sita. Mzani ulisoma sita na nusu, nikaongeza povu kulipunguza uzito. Baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, ananitazama kama mtu anayeona chai inatiwa chumvi.

"Hilo si zege," alisema. "Hilo ni sabuni."

"Ni zege, Baba. Hewa iliyomo ndiyo inayozuia baridi ya ardhini isipande."

Akaguna. Amekuwa mwashi miaka arobaini, na sakafu niliyoivunja juzi ilikuwa kazi ya mikono yake, nzito, nyekundu, inang'aa hadi unajiona sura. Ila magoti ya mama yalikuwa yamemshinda, na daktari alishasema asirudi kukanyaga sakafu ya baridi. Dada yangu alitaka kumchukua moja kwa moja, akaishi kwake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Nilimwomba akae naye wiki tatu tu, nibadilishe sakafu. Nilijitia kujua, na dawa ya povu nilikuwa na kopo moja tu.

Nilimimina chumba kizima hadi kwenye alama niliyochora ukutani, nikatoka kuosha ndoo. Dakika kumi hazikufika. Nikarudi. Upande wa dirishani, kinapokaa kitanda, zege lilikuwa limeshuka vidole vinne chini ya alama. Baba alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, anashindilia kwa fimbo, jasho linamtiririka.

"Baba, unafanya nini?"

"Natoa hewa." Hata hakugeuka. "Hapa ndipo mama yako anapokanyaga akiamka. Nataka pawe imara kuliko kwingine kote."

Mimi nina hasira za karibu, nyumba nzima inajua, na siku hiyo maneno yalishanifika kooni. Nikayameza. Nilitikisa kopo, nikasikia dawa ikicheza chini kabisa.

"Hewa ndiyo tunayoitaka," nilimwambia. "Ukiitoa, umerudisha sakafu ya zamani."

Uso ulimshuka. Aliiweka fimbo chini, akachukua mwiko, akaanza kuchota lile zege lililoharibika bila kuambiwa. Nilipochanganya jipya, yeye ndiye aliyesimamia mzani, mtu ambaye maisha yake yote alipima kwa jicho tu.

"Sita na robo," alisoma. "Ongeza."

Niliongeza tone la mwisho.

"Sita," akasema, nasi tukamimina.

Wiki mbili na nusu sikuwa na raha. Kila asubuhi niliingia na pimamaji kuangalia kama pale dirishani pameshuka, hata baada ya kupiga niru, saruji laini ya kumalizia, juu yake. Hapakushuka. Lakini kutoshuka si kutokuwa na baridi, na siku ya mama kurudi sikuweza hata kunywa chai.

Baba alivua viatu, akasimama pembeni mwa kitanda.

"Kuna baridi?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa kukataa, macho yamemlowa.

"Alikuwa ananiambia sakafu yangu ina baridi," alisema. "Kila mwaka ananiambia. Na mimi kila mwaka namnunulia ndala."

Gari likapiga honi nje. Akatoka kumpokea, miguu mitupu.