Ukurasa wa Thelathini na Moja

Were alikuwa akipaka gundi mgongo wa kitabu cha pili wakati Jacklyne, karani wa wapatanishi, alipopanda ngazi hadi karakana ya Amirali pale River Road. Vitabu vilikuwa viwili, mkataba ni mmoja: katika kimoja jina la serikali linatangulia, katika kingine la waasi, ili kila upande uende zake na nakala iliyoutaja kwanza. Sahihi zingetiwa kesho saa tisa mchana.

Katika miaka kumi na minne ya kujalidi mikataba ya nchi za watu, Were alikuwa na desturi moja. Alishona kwa uzi, gundi akaiacha hadi saa ya mwisho, kwa sababu kurasa hubadilika. Amirali humtania kwamba hao wanaopigana wakipatana haraka, duka litafungwa. Lakini safari hii Were aliusoma ukurasa wa thelathini na moja, orodha ya miji ambayo barabara zake zitafunguliwa, akauona mji alimokwama binti yake Ivyne, muuguzi, mwezi wa saba sasa. Akafungua kopo la gundi asubuhi hiyohiyo.

Jacklyne alieleza polepole. Nchi moja ya nje, inayowapa waasi silaha, haitaki waangalizi wa amani kwenye barabara za ukurasa wa thelathini na moja. Ukurasa ukibaki, waasi hawaji kutia sahihi. Wapatanishi bado wanabishana, neno la mwisho litatoka asubuhi. Kwa sasa utolewe.

"Usiniambie umeshapaka gundi, mzee."

"Nimepaka."

Amirali aliinua macho kutoka kwenye mashine yake. Leo hakutania.

"Na walio kwenye hizo barabara," Were akauliza, "kuna aliyewauliza?"

"Sijui, mzee wangu. Mimi nimetumwa tu."

Kitabu cha pili kilibanduka kwa kitambaa chenye maji. Cha kwanza kilikuwa kimekauka, ikabidi kisu. Were alikata uzi, akazitoa zile karatasi mbili, akazilaza chini ya chuma kizito. Jacklyne alitaka zichanwe.

"Zikirudi kesho, zisiwe zimejikunja," Were akasema.

Giza lilipokaribia, Amirali akauliza kama atashona kabla ya kwenda nyumbani Kinoo. Were alitunga uzi mpya, akaichomeka sindano kwenye nta kando ya vitabu vilivyo wazi mgongo, akaenda kunawa gundi mikononi.

"Nitashona asubuhi," alisema, "nikishajua."