Mpishi Aje Mbele

Nianze kwa kusema kwamba Arusha mimi sikuitaka. Aliyeitaka ni mke wangu, Maulida. Yeye ni mkunga, aliomba uhamisho kwa barua aliyoiandika mwenyewe na kuipeleka mwenyewe, akaja kuniambia ilipokwisha kujibiwa. Tukafunga vyombo Magomeni, tukaja kupanga Lemara, nyumba ya vyumba vitatu yenye bomba jikoni na mlima Meru dirishani. Kuna watu wanapanda ndege kuja kuutazama mlima ule. Mimi ulikuwa unanikera tu, maana kila nikiamka uko palepale.

Miezi minane ilimnenepesha Maulida. Kazini anakwenda kwa miguu, dakika kumi na tano, na akirudi hana hata jasho. Usiku analala bila feni. Mchicha anachumiwa bustanini huku amesimama anasubiri. Basi kila jioni akawa ananisomea faida hizo kama matangazo ya redio, halafu ananiambia, "Haya, na wewe sema hasara." Nilikuwa nazo tele. Baridi ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye magoti. Maduka kufungwa mapema. Watu kutaka kujua unatoka wapi, unaswali wapi, umezaa wangapi, na hujamaliza hata kupokea chenji yako. Lakini hasara yenyewe hasa ilikuwa moja, na hiyo sikuisema: huku hakuna aliyekuwa ananihitaji.

Dar es Salaam mimi ni Jamaldini wa pilau. Miaka ishirini na miwili nimepika kwenye shughuli za watu, ndoa, maulidi, arobaini, na zipo wiki nilikuwa nakataa kazi. Lemara nilikuwa naamka, nafagia uwanja, nazifuta sufuria zangu zisizo na kazi, nakaa, nasimama, natoka mpaka barabarani, narudi. Mwenye nyumba aliniuliza siku moja kama nimepoteza kitu. Nilimjibu vibaya, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Ndipo Alhamisi moja akanipigia Muzammil, mwenzangu wa zamani, ambaye tulikuwa tunashika miiko pamoja.

"Kaka, hebu achana na hayo maparachichi ya huko Chuga, sikiliza. Kuna ukumbi mpya Tabata. Mwenye ukumbi anataka mpishi mmoja wa kudumu, kila wikiendi, nimemtajia jina lako. Anataka jibu kabla Jumatano haijaisha. Sema neno moja tu."

Moyo wangu ulishafika Tabata kabla hajamaliza kusema. Usiku huo nikamweleza Maulida. Aliweka kijiko chini.

"Nenda," akasema. "Mimi sihami tena. Temeke tulihama, Mbagala tukahama, ukatupeleka Magomeni. Mara zote aliyefunga vyombo ni mimi. Sasa nimechoka kufunga vyombo, Jamaldini."

"Nitakuwa nakuja kila mwezi."

"Wanaume wanaokuja kila mwezi mimi ndiye ninayewazalisha wake zao. Nawajua."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaendelea kula. Mimi sikula. Nilikuwa namjua vizuri, nikaelewa kwamba nikipanda basi la Dar, nitakuwa nimeoa kwenye makaratasi tu. Na bado nilitaka kulipanda. Nalisema hili wazi kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Kabla ya Jumatano hiyo nilikuwa na kazi moja tu mkononi, na hata hiyo niliipata kwa jina la mke wangu. Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa na migomba huko Nkoaranga, alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake Brenda. Maulida ndiye aliyemzalisha binti yake mwaka huo, uzazi mgumu, na mzee hakulisahau. Huku Walutheri wakiwa na sherehe na majirani zao wamo Waislamu, humtafuta Mwislamu achinje, ili asiwepo mgeni wa kusukuma sahani pembeni. Mzee akaona, kama nachinja, basi nipike kabisa. "Utulishe pilau ya pwani, baba," akaniambia. "Hawa wangu wanapika wali kama wanakanda udongo."

Jumamosi nikachinja. Jumapili asubuhi nikawasha moto nyuma ya nyumba, kwenye migomba, sufuria mbili kubwa juu ya mafiga. Nilikuwa na raha siku ile, nakiri. Nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, nikatia bizari, mdalasini na iliki, na harufu ikawatoa watoto wote wa ukoo ndani. Mke wa mzee, Mama Kaanaeli, akaja na kitenge chake kichwani, akasimama pembeni, akatazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mchele unautia saa ngapi?"

"Usiwe na wasiwasi, mama."

"Nauliza tu. Huku juu maji yanachemka upesi lakini yanaivisha polepole. Sisi maharage ya leo tunayabandika jana."

Nikacheka. Nikamwambia mama, mchele nimeanza kuupika wewe hujanijua, niachie mimi. Hakukasirika. Alisema tu, "Haya," akarudi kwa wanawake wenzake, waliokuwa wanamenya ndizi za machalari, zile za kupikwa na nyama, kwa ajili ya wazee wasiotaka mambo ya pilau.

Sasa kwenye kadi iliandikwa chakula ni saa nane. Mimi ni mtu wa Dar. Kadi ikisema saa nane, mgeni wa kwanza anafika saa kumi, tena anafika kuulizia maji ya kunywa. Nikatia mchele saa saba na nusu, nikapalia makaa juu ya vifuniko, nikavuta kiti nikakaa. Saa nane kasoro dakika tano nikasikia nyimbo zinapanda njia. Nikachungulia. Watu mia mbili, suti na vitenge, mchungaji mbele, Brenda katika gauni jeupe, na saa nane kamili hakuna kiti kilichobaki wazi. Jamani, Walutheri wa Meru wakisema saa nane wanamaanisha saa nane!

Nikafunua sufuria. Nikachota, nikatafuna. Mchele ulikuwa na kiini kinachogoma chini ya jino. Nikafunika. Nikangoja, nikafunua tena, hali ni ileile. Kuni zilikuwa zimenyeshewa na mvua ya jana yake, zinatoa moshi kuliko moto. Hapo nikafanya jambo ambalo ningemfukuza kazi msaidizi yeyote akilifanya: nikamwaga maji, nikachochea. Baada ya muda chini kukaungua, katikati kukawa uji, na juu mchele mbichi. Sufuria zote mbili. Harufu ya kuungua ikaenda mpaka kwenye maturubai.

Mama Kaanaeli alikuja, akafunua kifuniko, akafunika. Aligeuka akasema maneno mawili matatu ya Kimeru, na wanawake wakasimama wote. Mmoja akaingia migombani na panga, wengine wakavuta mabeseni, mwingine akaanza kuchambua nyama yangu kutoka kwenye ule uji, kipande kwa kipande. Machalari ya wazee kumi yakaanza kugeuzwa kuwa ya watu mia mbili, na wageni wakaambiwa waimbe kidogo. Wakaimba. Waliimba vizuri mno, kila kibwagizo kikawa kinanichoma.

Hata hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kipaza sauti. Kumbe huku kabla watu hawajala, mpishi huitwa mbele, akatajwa jina na kwao, akaeleza alichopika, akapigiwa vigelegele. Nikamsikia mshereheshaji: "Na sasa mpishi wetu, aliyetoka Dar es Salaam! Mume wa mkunga wetu! Mpishi aje mbele tumwone!" Vigelegele vikapigwa. Mzee Aminieli alikuwa amesimama, anapiga makofi, shingo ameigeuzia nyuma ya nyumba ananitafuta.

Nikavua aproni. Nikaingia kwenye kahawa, nikainama, nikapita. Niliruka mfereji, nikateleza kwenye tope, nikashuka shamba la mtu nisiyemjua mpaka kwenye barabara ya lami, mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Nyuma yangu bado walikuwa wanaita. Sufuria zangu, miiko yangu, kila kitu nilikiacha.

Maulida alikuwapo kwenye sherehe, ameketi na wauguzi wenzake. Alirudi jioni akanikuta nimelala na viatu. Akaketi kitandani.

"Walikuita mara tatu," akasema. "Mara ya tatu nikaenda mimi."

Nikaomba ardhi inimeze.

Jumatatu nikaenda soko la Kwa Mrombo kununua vitunguu, nikidhani kule ni mbali na Nkoaranga, habari haitakuwa imefika. Muuza vitunguu alinipimia, akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Pole na kuni mbichi, mpishi." Nikaacha vitunguu juu ya meza. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Temeke nyama ilipungua kwenye harusi ya watu, tukahama mwezi uleule. Mbagala niligombana na mama wa bibi harusi mbele ya wageni, tukahama. Jiji ni pana, unavuka mtaa mmoja, unazaliwa upya, hakuna anayekujua. Huku utavuka kwenda wapi? Ukienda Ngaramtoni, utakuta shangazi wa mtu. Ukienda Usa River, ndio kabisa, mlangoni kwa Mzee Aminieli. Nikampigia Muzammil, nikamwambia nakuja.

"Safi sana, kaka! Njoo na vyombo vyako, ukumbi hauna kitu."

Vyombo vyangu! Jumanne asubuhi ikabidi nipande Nkoaranga. Nilinunua kilo mbili za sukari, nikakodi kirikuu ya kubebea sufuria, nikamwomba dereva asizime injini. Nilipanga kusema pole, kupakia na kuondoka.

Mama Kaanaeli alikuwa uani anaanika kahawa. Sufuria zangu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimesuguliwa kwa majivu mpaka ndani zinang'aa, na ule ukoko mweusi sijui aliutoaje. Nilitoa sukari, nikaanza hotuba yangu, mama nimekuja kuomba radhi, nimewaaibisha. Akaipokea sukari, akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Umemaliza? Mume wangu alisema umeshakwenda Dar. Mimi nikasema atakuja Jumanne, hawezi kuja Jumatatu, aibu itakuwa bado ya moto. Kaa."

"Mama, watu wamesema nini?"

"Ee, wamesema sana." Hakunionea huruma hata kidogo. "Watasema mpaka Krismasi. Brenda atakuja kuolewa na siku hiyo watasema tena. Mimi mwaka niliokuja kuolewa hapa nilimwagia maziwa ya moto baba mkwe wangu, na wanawake wa kanisani mpaka leo nikishika sufuria ya maziwa wanasogea mbali. Kwani nimehama? Kaa basi, kuna uji."

Nje injini ya kirikuu ilikuwa inanguruma. Nilisimama pale miguu inataka kwenda, kila mguu na njia yake. Kisha nikatoka nikamwambia dereva azime. Nikanywa uji vikombe viwili. Mzee Aminieli akarudi kutoka shambani, akanikuta, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikasirika, halafu nikacheka na mimi, halafu machozi yakanitoka mbele yao wote wawili, nao wakawa wanazungumza habari za bei ya mbolea mpaka nilipomaliza.

Nilifika nyumbani mchana na sufuria zangu. Maulida alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo alikuwapo, anaosha vyombo jikoni. Aliziona zinashushwa. Alijua maana yake ni moja kati ya mbili, naondoka au nabaki.

"Nikibaki?" nikamwuliza.

"Ukibaki, baki kwa miguu yako mwenyewe. Sitaki mwakani uje kuniambia nilikufunga kamba." Akafungua bomba, akaanza kusuuza sahani zilizokwisha takata.

Nikatoka mpaka mlangoni, nikarudi, nikatoka tena. Nikampigia Muzammil hapohapo, Maulida akisikia.

"Mpe mtu mwingine, ndugu yangu. Siji."

Hakulaumu, kulaumu si kawaida yake. Tayari nilimsikia anamwuliza mtu karibu yake kama Abdulrahman, mpishi mwingine, ana nafasi. Kisha akarudi kwenye simu.

"Kwani huko kuzuri kiasi hicho, Jamaldini?"

Nikafikiria nimwambie nini. Bado sikuwa na raha, na mpaka leo sijaipata yote.

"Hapana," nikamjibu. "Ila huku wananijua."

Maulida alifunga bomba.