Mlango wa Dharura

Jumanne saa tatu asubuhi mchoraji mabango aliingia katika chumba cha kushonea sare akiwa na makopo mawili ya rangi, akauliza mlango wa dharura unatakiwa ukae wapi. Bosi akamwonyesha ukuta wa nyuma, kati ya meza ya kukatia na meza ya pasi. Mlango wa nyuma wa kweli ulikuwepo, hatua nne tu kutoka hapo, ila ulizibwa na marobota ya vitambaa tangu mwaka juzi, na kuyahamisha ni kazi ya siku nzima. Mkaguzi wa zimamoto alikuwa anakuja Alhamisi. Fomu yake ilitaka mlango wa dharura uonekane. Haikusema ufunguke.

Mchoraji alikuwa mtu wa kuheshimu kazi yake. Alichora bawaba tatu, kitasa, na mstari mwembamba wa mwanga chini, kama vile nje kuna jua. Juu akaandika MLANGO WA DHARURA. Alhamisi mkaguzi akachungulia, akauona, akatia alama ya vema, akaenda zake.

Mama Vifungo aliyaona yote hayo kutoka kwenye kigoda chake. Alikuwa ameshona vifungo humo miaka kumi na moja. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, hakuwa na mtu ila bintiye, aliyekaa cherehani ya tatu kutoka nyuma, mjamzito wa miezi sita. Wanawake walikuwa ishirini na sita. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja, na mlinzi aliufunga kwa nje ili vitambaa visitoroke.

"Bosi," alisema, "naomba yale marobota yasogezwe. Moto haupigi hodi."

"Mama, mlango wa dharura si ule pale? Mkaguzi mzima kauona, wewe nani usiuone?"

Wiki ya pili mshona kola alipigiwa simu kwamba mwanawe ameungua kwa uji. Akamwendea bosi. "Bosi, nina dharura." Bosi akamwambia asubiri saa saba, mlinzi akifungua. Mshona kola akageuka, machozi yamemziba macho, akashika kitasa kilichokuwa karibu. Kilikuwa kile cha kuchorwa. Mlango ukafunguka, akatoka, ukajifunga nyuma yake. Upepo kidogo ukaingia ukasogeza nyuzi sakafuni. Wenzake wakaendelea kushona, maana kola zilikuwa hazijafika nusu.

"Umeandikwa wa dharura," alisema Mama Vifungo. "Na yule anayo."

Tangu siku hiyo mwenye dharura alipita hapo. Aliyefiwa alitoka, aliyeshikwa na tumbo la ghafla alitoka. Kidomo, mshona mikono ya mashati, aliyekuwa hapendi kazi kama anavyopenda soga, akatangaza kwamba shangazi yake yu mahututi, akauendea mlango kwa mwendo wa haraka, akagonga ukuta kwa pua.

"Vipi, shangazi amepona?" akaulizwa.

"Ngojeni kwanza nipone mimi."

Mama Vifungo hakucheka sana. Alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mlango ulikuwa na upana wa mtu mmoja, na moto ukitokea, wote ishirini na sita watakuwa na dharura kwa wakati mmoja. Basi kila mapumziko ya mchana akawapanga. Nani mbele, nani nyuma yake, nani amshike mkono bibi wa kukunja nguo ambaye haoni vizuri. Walisimama foleni mbele ya ukuta, wakarudia mpaka ikawa hakuna anayemkanyaga mwenzake. Bintiye alimweka wa kwanza.

"Mama, watasema unanipendelea."

"Waseme. Wewe ni wawili."

Mwisho wa mwezi sare zilipungua. Bosi akaujaribu mlango mwenyewe, akakuta saruji. Akazunguka nje, akakuta ukuta na bomba la maji ya mvua. Hata hivyo watu walikuwa wanatoka. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akamwita tena mchoraji. Safari hii alitaka kufuli.

Mchoraji akachora kufuli kubwa la shaba, zuri, lenye uzito. Kesho yake mshona mifuko akaletewa habari kwamba baba yake amefariki. Akavuta kitasa. Kufuli likagonga kwenye mbao. Akarudi kukaa, akasubiri saa saba.

Ijumaa moja pasi ilisahauliwa juu ya rundo la mashati, moto ukashika. Wanawake wakainuka, wakajipanga kama walivyojifunza, binti mbele. Akavuta kitasa, kufuli likatikisika. Akavuta tena. Moshi ukashuka hadi usawa wa mabega. Wawili wa mwisho wakakimbia kuugonga mlango wa mbele, lakini mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Mama Vifungo akachukua ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo, akaimwaga juu ya shuka la mezani, akalitandaza juu ya moto na kulikanyaga kwa miguu yote miwili mpaka ukafa. Mungu aliwaongezea siku. Foleni ilikuwa bado imenyooka ukutani.

"Mama, nilivuta," binti alisema.

"Nilikuona."

Jioni alikwenda kwa mchoraji. "Fundi, lile kufuli lako halina ufunguo."

"Niliagizwa kufuli tu, mama."

"Umewahi kuona kufuli limezaliwa peke yake?"

Mchoraji akafikiri, akakubali kwamba ni kweli, kazi haikukamilika. Asubuhi, mlinzi alipofungua, akaingia pamoja na wanawake, akachora msumari kando ya mlango, usawa wa mkono wa mwanamke, na ufunguo umening'inia hapo na kivuli chake.

Saa mbili bosi akaingia. Akauona. Akautoa kwenye msumari, akaugeuza huku na huku, akautia mfukoni.

"Ufunguo huwa na mwenyewe," alisema.

Ukutani ukabaki msumari.

Mkaguzi alirudi wiki iliyofuata, maana habari ya moto ilimfikia. Fomu yake mpya ilikuwa na mistari mitatu: mlango upo, una kufuli, ufunguo uko kwa mhusika. Bosi akapiga mfuko wake, ukalia. Mkaguzi akatia alama tatu za vema, akampongeza kwa maandalizi.

Mchana Mama Vifungo hakuwapanga watu ukutani. Alisimama kwenye cherehani ya bintiye, akatembea hadi mlango wa mbele akihesabu hatua. Thelathini na mbili.

"Hebu na wewe," akamwambia binti.

Binti akatembea, mkono mmoja kiunoni, akizunguka meza alizoshindwa kupenya kati yake. "Thelathini na nane."

"Na bado miezi miwili. Tuseme arobaini na tano," alisema Mama Vifungo. "Halafu tumngoje mlinzi."